Wimbo wa Watu wa Hafod

Sehemu ya Tisa

Lawama zenu nimezipata. Mmoja ameniandikia kwamba sina utu, kumwacha msichana wa watu nje ya kanisa alfajiri ya Krismasi, mkono kwenye kitasa, na baridi ile ya bonde letu la Cwm Eithin inayoingia mpaka kwenye meno. Mwingine anataka kujua nani alinifundisha kukata hadithi mahali pale, amfuate kwake. Haya, tulieni. Mlango unafunguliwa.

Mnakumbuka alichokisikia Mabli Tibbott pale nje. Ndani kulikuwa na mtu anaimba wimbo wa Noeli wa watu wa nyumba ya Hafod, ule ule ambao Mabli aliuchukua bila ruhusa, akauimba kwenye televisheni kwa sauti yake ile inayoliza watu, na sasa nchi nzima inausikia kila jioni kwenye tangazo la makochi. Alidhani wenyewe wa Hafod wameshasimama, akaona heri angoje wamalize. Kisha akasikia vizuri. Watu wa Hafod huimba wanaume peke yao, na hii ilikuwa sauti ya mwanamke.

Ilikuwa sauti ya bibi yake.

Mabli akasukuma mlango.

Kanisa lilikuwa limejaa, mishumaa inawaka madirishani, makoti yananuka mvua na kondoo. Mbele kabisa, chini ya mimbari, Bibi Morfudd wa Bryncelyn alikuwa amesimama peke yake ndani ya koti lake la kijani, vifungo amevipishanisha, upande mmoja umepanda juu. Aliimba amefumba macho. Watu hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama benchi la Hafod.

Na kama leo ndiyo siku yako ya kwanza kulifungua gazeti hili, sogea nikupe mwanga kidogo, wenzako watatuvumilia.

Ibada hii ya alfajiri, sisi huku tunaiita plygain, haina ratiba. Kasisi akishasema sala yake anakaa, na kila nyumba yenye wimbo husimama yenyewe, ikaenda mbele, ikaimba, ikarudi kukaa. Hakuna anayeiita. Hakuna anayepiga makofi, hata ukiimba mpaka taa zikatetemeka. Wimbo ni mali ya nyumba, umetoka kwa babu ukaja kwa baba. Kuuimba wimbo wa nyumba nyingine ni sawa na kuanua nguo za jirani kwenye kamba yake, ukazivaa, ukaenda nazo kwenye harusi ya jirani huyo huyo.

Tena kuna baya kuliko hilo. Wimbo ukishaimbwa asubuhi ile haurudiwi. Aliyetangulia ametangulia.

Kwa hiyo watu wa Hafod walikuwa wamekaa wanasikiliza wimbo wao ukiondoka. Mzee Ithel, mkuu wa nyumba hiyo, kifua chake kimechoka, na daktari alimwambia aimbe mwaka huu kama mtu anayeaga. Bonde zima lilijua. Watu walikuja kanisani na vitambaa vya kufutia machozi kwa ajili yake.

Mabli alijipenyeza kwenye benchi la nyuma, ubavuni mwa mjomba wake Meurig, mfugaji, mtu wa maneno machache na yote makali.

“Umefurahi?” Meurig akanong'ona bila kugeuka.

“Mjomba, umemwachiaje aende?”

“Nimemwachia? Niliinama kutafuta kile kichuma cha kugonga kinachotupa sauti ya kuanzia wimbo. Nainua kichwa, mama yuko mbele, kashaanza. Sasa ulitaka nimkamate kiuno kama mwanakondoo, mbele ya kasisi?”

Mabli akasema walipanga kuimba wimbo wao, wa Bryncelyn.

“Wetu upi? Yeye anajua huu ndio wetu. Nani alimwambia? Wewe. Wewe na makochi yako.”

Na Meurig alisema kweli, msomaji.

Maana uongo ulianza hivi. Siku ile kwenye televisheni, mtangazaji mwenye meno meupe alimuuliza wimbo mzuri namna hii umeutoa wapi. Ukweli ulikuwa kwamba alipewa na Gwern, mjukuu wa Mzee Ithel. Walikuwa wakipendana kisirisiri kabla Mabli hajaenda London, na majira ya kuzalisha kondoo, ndani ya banda, Gwern alimwimbia ubeti baada ya ubeti mpaka akaushika, kisha akamwapisha kwamba hatauimba nje ya banda lile wala kusema ameutoa wapi. Mabli aliapa. Alimpenda kweli, na kiapo alikimaanisha, mpaka siku prodyusa alipomuuliza kama ana kitu cha zamani ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Kumtaja Gwern ilikuwa ni kumfukuzisha kwao. Kwa hiyo Mabli alitabasamu kwenye kamera akasema, “Bibi yangu alinifundisha, jikoni kwetu Bryncelyn.” Watu studioni wakasema oooh. Uongo ule ulikuwa na bibi, una jiko, una moto ndani yake. Nani angeukataa?

Mmoja tu aliukataa. Mzee Ithel alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba wimbo ni wa Hafod na msichana ni mwizi, tena akaongeza neno ambalo wazee wa bonde walilielewa kuliko vijana: “Nyumba ile ina masikio marefu tangu zamani.” Tangu siku hiyo Mabli hakuachwa apumue. Magazeti yaliyokuwa yakimpamba yakamgeukia. Wakaichimbua ile picha yake ya Cardiff, siku ya mechi ya raga, amekaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, chipsi mapajani, wanja umemshuka mpaka shavuni. Wakamchimbua na mpiga ngoma aliyewahi kuwa mpenzi wake. Wakaikumbusha nchi kwamba aliwahi kuwaita watu wa kanisani wanafiki kwenye redio, saa ambayo watu wa kanisani walikuwa wanakunywa chai yao.

Hayo yote aliyacheka. Aibu ya kukaa ukingoni mwa barabara ni yako mwenyewe, unaiosha asubuhi na uso wako.

Lakini akili ya Bibi Morfudd ilikuwa imeanza kutoka na kurudi. Alikuwa akiweka funguo kwenye kopo la mkate. Alikuwa akimuuliza Meurig kama baba yake amerudi kutoka mnadani, na baba mtu yuko makaburini. Na kila jioni lile tangazo likija, anamsikia mjukuu wake akisema kwa sauti tamu kwamba alifundishwa na bibi yake jikoni, kisha wimbo unaanza, kisha kochi linatokea. “Umesikia, Meurig?” anasema. “Wimbo wetu.” Mwanzoni Meurig alikuwa akimsahihisha. Baadaye akachoka.

Na leo mwanamke ambaye hajawahi kuchukua hata yai la jirani alikuwa amesimama mbele ya bonde zima, anaiba, na hajui kwamba anaiba.

“Mwizi kamtuma bibi kizee,” akasema Nesta wa duka, benchi la pili kutoka nyuma, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka mnarani.

Mabli aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka. Alitamani wamgeukie yeye, wamtemee hata mate, wamwache yule mama mwenye vifungo vilivyopishana. Hakuna aliyemgeukia. Kwenye benchi la Hafod, mtoto mkubwa wa Mzee Ithel alikuwa amenyanyuka nusu, uso mwekundu, anataka kwenda mbele kuuzuia wizi ule. Mzee Ithel akamwekea mkono gotini, akamkalisha. Watu wakasema kimoyomoyo, tazama uvumilivu wa mzee.

Shikilia huo mkono, msomaji. Nitaurudia.

Bibi Morfudd akamaliza ubeti wa tatu. Ndipo wimbo wa Mabli unapoishia kwenye tangazo, na ndipo alipoishia Gwern siku zile bandani. Bibi akanyamaza kuvuta pumzi. Mabli akaona ndiyo nafasi. Akamruka Meurig, akatembea katikati ya kanisa na viatu vyake vya London vinavyogonga sakafu, akasimama ubavuni mwa bibi yake, akawageukia watu.

Plygain mtu haongei. Mabli akaongea.

“Samahanini. Wimbo huu si wetu. Ni wa Hafod. Bibi yangu hakunifundisha, nilidanganya kwenye televisheni, na yeye amenisikia kila siku mpaka akaamini. Msimhesabie yeye. Nihesabieni mimi.”

Kasisi alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Mtoto mchanga akalia, mama yake akamziba kwa shali.

Yule mtoto mkubwa wa Mzee Ithel akauliza kutoka pale alipokaa, taratibu kabisa, “Basi nani alikufundisha?”

Swali lenyewe ndilo hilo. Mabli alijilazimisha kutotazama mahali Gwern alipokaa, lakini macho hayana adabu, yalikwenda yenyewe. Gwern alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo kana kwamba kimechapishwa jana. Hakuinua hata kope. Mabli akangoja kidogo, akimpa nafasi, kwa maana kiapo alichokivunja hakutaka kukivunja mara mbili. Kitabu kikafunuliwa ukurasa.

“Siwezi kusema,” akajibu.

“Hawezi kusema,” Nesta akamtafsiria jirani yake, ambaye masikio yake ni mazima.

Bibi Morfudd alikuwa amemtazama mjukuu wake muda wote huo, amekunja uso, kama anavyomtazama mtu anayemkanyagia sakafu aliyoipiga deki.

“Umemaliza, mwanangu? Umenikatiza.”

“Bibi, twende tukakae. Wimbo umekwisha.”

“Haujaisha. Kwako uliishia pale kwa sababu ulifundishwa nusu.” Akamshika shavu kwa kiganja. “Aliyekufundisha alikuwa na haraka zake.”

Watu wawili watatu walicheka, wakajuta. Gwern shingo ilimgeuka nyekundu. Na kabla Mabli hajapata neno, Bibi Morfudd akafumba macho tena, akaanza ubeti wa nne.

Hakuna aliyejua kwamba upo.

Hapakuwa na mtu kanisani aliyewahi kuusikia, isipokuwa watu wa Hafod. Ubeti ule hauimbwi mbele za watu. Wenyewe huuimba nyumbani mezani kabla nyama haijakatwa, mkubwa wa nyumba akianza na wanawe wakiitikia. Unamhusu mchungaji aliyefika horini mikono mitupu. Wenzake wana kondoo, wana sufu, yeye hana kitu, akaona haya kuingia, akabaki mlangoni na theluji ikimwangukia mpaka alipoitwa kwa jina lake.

Vichwa vya wana wa Hafod viliinuka pamoja. Gwern naye akaacha kitabu. Ubeti huo hata yeye hakuwahi kumpa Mabli. Aliuogopa.

“Baba,” mtoto mkubwa akasema, na hakujali tena kunong'ona, “huyu mama huu ameutoa wapi?”

 Mzee Ithel alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Wale watu waliokuwa wamemsikia Mabli akikiri walianza kutazamana. Kama bibi anajua hata ubeti wa siri, basi bibi ndiye mwalimu. Kama bibi ndiye mwalimu, basi msichana alisema kweli kwenye televisheni, na uongo ameusema sasa hivi, ndani ya kanisa, siku ya Krismasi. Nesta hakuchelewa kulitoa. “Kumbe kweli alifundishwa na bibi yake. Sasa hapa anatudanganyia nini?”

Mabli alisikia. Maisha yake yote ya jukwaani alikuwa amesema kweli hadharani mara moja, na mara hiyo moja hakuaminiwa. Akamtazama Gwern, akamwona anashusha pumzi, mabega yanalegea, mtu aliyeona rungu linampita likaenda kumpiga mwingine. Siyo siri, lile lilimuuma kuliko Nesta na magazeti yote. Alikuwa amemsitiri huyu mvulana. Alikuwa amesema uongo uliomharibia bibi yake ili huyu abaki na kitanda kwao Hafod.

Bibi Morfudd akakatisha mstari katikati. Akafumbua macho, akatazama moja kwa moja benchi la Hafod, na sauti aliyoitoa haikuwa ya bibi kizee. Ilikuwa ya msichana aliyechoka kungojeshwa.

“Ithel. Sauti ya chini iko wapi? Hapa ndipo unapoingia.”

Nimeishi bonde hili siku nyingi, na tangu nifike nimeambiwa kwamba ugomvi wa Hafod na Bryncelyn ni wa kondoo dume aliyevuka ua. Nimeonyeshwa hadi ua wenyewe. Watu wa Hafod hukaa kulia kanisani, wa Bryncelyn kushoto, na kwenye chai ukumbini baadaye hata birika hawapokezani. Kondoo gani huyo, nikawa najiuliza, nyama yake haiishi?

Mzee Ithel akasimama.

Mtoto wake akamshika mkono wa koti. “Baba, kaa. Mama wa watu hajui anachosema.”

“Anajua,” Mzee Ithel akasema. “Mimi ndiye niliyejifanya sijui.”

Akajitoa mkononi mwa mtoto wake. Alikwenda mbele pole pole, fimbo ikigonga, na kila hatua alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Alipofika hakuwageukia watu. Alizungumza na Bibi Morfudd, kanisa likasikia kila neno.

Alisema waziwazi. Kwamba walikuwa vijana, kwamba alimfundisha wimbo wote kwenye ghala la majani, na ubeti wa nne alimpa kama mwingine anavyotoa pete. Siku moja baba yake alimsikia Morfudd akiunong'oneza sokoni, akarudi nyumbani akamuuliza mwanawe nani ameutoa. Na yeye Ithel, mwanamume mzima, akaogopa. Akasema binti yule alitega sikio mlangoni kwao. Neno likasambaa. Krismasi ile Morfudd alisimama mbele peke yake kama leo, aimbe wimbo wa kwao, na benchi zima la Hafod likainuka likatoka nje, na Ithel akiwa wa kwanza kuushika mlango. Sasa unaujua ule mkono gotini, msomaji: haukuwa uvumilivu, ulikuwa deni.

“Hukunitaja,” Mzee Ithel akamwambia. “Ungesema neno moja tu. Hukulisema mpaka leo.”

Bibi Morfudd alimsikiliza kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji kingine. Sijui ni kiasi gani kilimfikia. Nafikiri alikuwa ameilinda siri ile kwa miaka yake yote ya ndoa, akazaa, akazika mume, akafua mapazia, nayo ipo. Kisha akili ikachoka, mlinzi akaondoka, na siri ikatoka yenyewe ikiimba.

“Lakini unaingia au huingii?” akauliza.

Mabli alikuwa bado amesimama kati yao. Hapo ndipo aibu ilipomshukia yote, ile ya kweli, ambayo haina picha wala gazeti. Alidhani amembebesha bibi yake uongo. Kumbe alikuwa amelichukua neno ambalo mwanamke huyu alilimeza maisha yake yote kwa ajili ya mwanamume mwoga, akaliuza pamoja na makochi. Na yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi ile ile kwa mjukuu wa mwanamume yule yule. Alitaka kumpigia bibi yake magoti. Hakuweza hata kumtazama usoni, akabaki kuvitazama vile vifungo.

“Na wewe, binti,” Mzee Ithel akasema, akimgeukia. “Nilijua tangu siku ya kwanza niliposikia kwenye televisheni. Wavulana wa Hafod tuna wizi wa aina moja tu, kuwaibia baba zetu wimbo tukawape wasichana. Nikakuita wewe mwizi kwa sababu ndivyo nilivyozoea.”

Kisha akafumba macho, akaingia.

Sauti yake ilikuwa imekwisha nusu. Ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Bibi Morfudd akaipanda juu yake bila kuyumba, akamngoja kila alipoishiwa pumzi, akamshika tena mbele. Mchungaji akaitwa kwa jina, akaingia, akaonyesha mikono yake mitupu, hakuna aliyemcheka. Mabli alisimama katikati yao akiwa ndiye mwimbaji maarufu kuliko wote chini ya paa lile, na ndiye pekee pale mbele ambaye hakuyajua maneno.

Ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi, ndiyo desturi, lakini wapo waliokuwa wamekalia mikono yao. Meurig alikuwa anapangusa pua kwa kofia.

Katika kimya kile Gwern akasimama.

Ngoja nisiwafiche yaliyokuwa moyoni mwa Mabli. Alijisemea, anakuja. Alifikiri atakuja mbele, atasema “ni mimi”, wataona haya pamoja, na aibu ya watu wawili ina nafuu. Gwern alimtazama. Mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama machoni, na midomo yake ikacheza kama mwenye neno. Kisha akapita magoti ya baba zake wadogo, akafika kwenye njia ya katikati, na badala ya kugeukia mimbari akageukia mlango.

Nyayo zake zikawa zinakwenda haraka haraka.

“Gwern.” Mzee Ithel hakuipandisha sauti, hakuwa nayo ya kupandisha. “Mlango huo nilishautumia mimi. Haupeleki mahali.”

Nyayo zikasimama. Watu wote wakageuka nyuma, Nesta akiwa wa kwanza, na kutoka mbele hakuonekana kitu isipokuwa migongo na kofia.

Mabli hakugeuka. Alipiga goti mbele ya bibi yake akaanza kumfungua vile vifungo kimoja kimoja, avirudishe kwenye matundu yake, asione vizuri kwa machozi. Bibi Morfudd akamwekea mkono kichwani.

“Usilie, mwanangu. Wa Hafod huchelewa kuingia.”

Nyuma kule kitasa cha mlango kikalia, na Mabli hakuinua kichwa kuangalia kama kuna mkono unaokifungua, au unaokiachia.